Musafiri na Kilo za Dada Yake

Musafiri hakuamini mizani ya mutu yeyote. Miaka ishirini alinunua mchele kule Wamaza na kuuza masoko ya mbali, na aliona mengi: wanunuzi wakiegemeza kidole cha mguu chini ya gunia, wakiapa kwa jina la Mungu huku kilo hamsini zikisoma arobaini na sita. Kwa hiyo habari ilipomfikia kwamba dada yake Victorine, aliyeolewa Kasongo, amekonda, hakujiuliza mara mbili. Kuna mutu anaiba.

Kwao binti akiolewa hapotei. Akikonda, kaka yake huenda kumuuliza mume: tulikupa mutu muzima, mbona unatuonyesha nusu? Jibu likikosekana, dada anarudi kwao mpaka wazee wa pande mbili wakae. Wazee wakamtuma Musafiri. Akakodi pikipiki ya Glody, akamwonya asitafute abiria wa kurudi, nafasi ile ni ya Victorine. Nyuma wakafunga mfuko wa mchele wa kilo ishirini, alioupima kwa mikono yake, ili dada aanze kula siku hiyohiyo.

Alipomwona uani, aliona habari ile ni kweli. Mashavu yamepungua, blauzi inacheza mabegani. Lakini alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akiwa wima, yeye ambaye mwaka jana magoti yalimkataza hata kusimama kanisani wakati wa Injili.

"Karibu, kaka. Mbona na mchele kama mutu wa matanga?"

"Nimekuja kukuchukua. Shemeji iko wapi?"

Grégoire, mume, alitoka na kiti kizuri na maji ya kunawa. Ukarimu ule ukamzidishia Musafiri mashaka. Mwenye mchele wa mawe ndiye anayeusifu sana.

"Shemeji, dada yangu umemufanya nini? Umeoa mwingine?"

"Huyu mumoja ananishinda," Grégoire akasema. "Muulize mwenyewe."

Victorine akaeleza. Kwenye kituo cha afya, muuguzi Chimène alimpima kilo themanini na nane, na urefu wake ni metre moja na sentimetre hamsini na sita. Presha ya damu ilikuwa inapanda. Akaambiwa uzito umeupita urefu: apunguze mawese na bugali, na sokoni aende kwa miguu, si kwa pikipiki. Imepita miezi minane. Sasa ana sabini na nne.

"Na huyo muuguzi alilipwa na nani?"

"Twende, umuulize hivyo mbele yake."

Musafiri akabeba mfuko wake wa mchele begani. Grégoire alitaka kumsaidia, akamkatalia.

Chimène alikuwa mwanamke mfupi asiye na haraka. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Baba, tunachukua kilo, tunagawanya kwa metre za urefu, halafu tunagawanya tena kwa urefu uleule. Kwa mutu muzima asiye na mimba, jibu likikaa kati ya kumi na nane na nusu na ishirini na tano, ni vizuri. Mama alikuwa thelathini na sita. Leo ni thelathini. Hajakonda, angali anashuka."

"Kwetu tunamuona amekonda."

"Munamupima na macho, na macho yalizoea mama wa zamani."

"Na mizani yako, ilizoea nini?"

Victorine akainamisha uso kwa haya. Chimène akaisukuma mizani mbele ya kaka.

Musafiri akaweka mfuko juu yake. Ishirini. Akaihamisha mizani mpaka kona nyingine, akatazama chini yake, akaweka tena. Ishirini. Hakutosheka. Akafanya kama wafanyavyo wachuuzi: akapanda na mfuko begani, sindano ikasimama sitini na nane. Akautua mfuko, akapanda mikono mitupu. Arobaini na nane.

"Haikosei," akasema polepole.

"Simama ukutani," Chimène akamwambia. Metre moja na sabini na mbili. Akaandika, akagawanya, akagawanya tena, akamgeuzia karatasi. Kumi na sita.

"Ungefaa kuwa na hamsini na tano kwenda juu. Hesabu hii haisemi ugonjwa, baba. Inabisha hodi tu. Unakohoa?"

"Ni vumbi ya barabara."

"Tangu lini?"

Alitafuta uongo wa kumjibu, asiupate, maana mizani aliithibitisha mwenyewe. "Tangu kabla ya Pasaka."

"Basi kesho asubuhi unaleta makohozi, tuyapime. Usirudi Wamaza kwanza."

Nje, Glody, aliyewafuata na pikipiki, alikuwa amekwisha kuiwasha.

"Mama apande?"

"Anabaki, hana njaa huyu," Musafiri akasema. "Waambie wazee nimepima mwenyewe. Mke wangu umwambie nabaki kwa shemeji mpaka majibu yatoke."

Grégoire akauinua mfuko wa mchele begani. Safari hii hakukataliwa.

"Sasa, shemeji," akasema wakitembea, "mimi nimutume nani Wamaza kuuliza nani anakukondesha?"

Victorine akacheka. Musafiri alimtazama shemeji kwa pembe ya jicho, akitafuta sumu katika maneno yale. Hakuiona. Akapunguza mwendo, kwa sababu kifua kilikuwa kinabana, na wale wawili wakapunguza naye.