Kijiko cha Chai na Matumbo Mapya

Siku ya kwanza ya kazi ninayoihesabu mimi ni siku niliyonyang'anywa sahani. Sitanii. Nilikuwa nimeshapima watoto uzito katika vijiji vya Mbinga kwa miaka mingi, mvi zimeanza kutokeza, ndipo nikapelekwa Dar es Salaam, kwenye wodi ya upasuaji ya hospitali moja kubwa. Nikaripoti asubuhi, koti jeupe limenyooshwa kuliko la daktari. Njaa ilikuwa inaniuma, basi nikachukua chapati mbili na maharage kantini, nikaketi kwenye chumba cha wauguzi.

Akaingia Sista Inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi.

"Shikamoo, kaka. Wewe ndiye afisa lishe mpya?"

"Marahaba. Ndiye."

Sijafunga mdomo, sahani imeondoka. Mbele yangu akaweka kijiko cha chai na kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa ya maji.

"Hapa tuna wagonjwa waliopunguzwa tumbo. Huwezi kumfundisha mtu ulaji usioujua. Chota maharage yajae hicho kikombe, basi. Kijiko kimoja, tafuna mpaka yawe uji, weka kijiko chini, subiri, ndipo uchote kingine. Nusu saa nzima. Na maji usiguse mpaka nusu saa nyingine ipite."

"Na chapati?"

"Chapati nakula mimi."

Na akazila kweli, jamani, mbele ya macho yangu, huku akitazama saa! Mimi mtoto wa Kitura, kijiji cha Mbinga, niliyelelewa kwa ugali wa kushiba mpaka kesho, nikakaa natafuna punje tatu za maharage kama mbuzi. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Lakini dakika ya ishirini nikashangaa: kumbe maharage yana utamu ambao sikuwahi kuupa nafasi. Kijiko kile nikakitia mfukoni na sikukirudisha.

Basi nikaanza kazi, na nikaanza kwa kosa. Nitalisema, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha kazi yote.

Kulikuwa na mgonjwa mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyefanyiwa upasuaji tuliouita mchepuko. Daktari hutengeneza kifuko kidogo cha tumbo, halafu chakula kikapitishwa njia ya mkato, moja kwa moja kwenye utumbo wa chini, kama magari yanavyopitishwa barabara ya mchepuko yasiingie mjini. Wiki zake za vitu vya majimaji zilikuwa zimepita, yuko kwenye uji laini, amerudi kliniki, nikamwona amenyong'onyea. Nikasema moyoni, huyu anahitaji nguvu. Nikamkorogea uji mwenyewe, nikatia sukari vijiko viwili vya Kimatengo, vilivyojaa kama mlima.

Robo saa haikupita. Mwalimu akalowa jasho, akashika kifua. "Bwana Lishe, moyo unakimbia. Unakimbia peke yake! Nilazeni chini." Tumbo likamvuruga, macho yakamlegea, nikaamini nimeua mtu. Daktari Bingwa wa Upasuaji akaja, akamtazama, akatazama kikombe, akaonja kwa ncha ya kidole. Mwalimu alipolala kidogo akatulia, akainuka akiwa mzima. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa chini.

"Sukari imeporomoka kwenye utumbo kwa mkupuo," Daktari Bingwa aliniambia korido nzima ikisikia. "Wewe unajua chakula. Tumbo hulijui. Kila siku, kabla hujafungua mdomo kumshauri mtu, muulize mwenye tumbo lake anasikia nini."

Nikanunua daftari. Weee, nilivyoandika! Niliwauliza mpaka wakanikimbia.

Walikuwepo watu wa puto. Hao hawapasuliwi, puto hushushwa kwa mdomo, likajazwa maji, likakaa tumboni miezi kadhaa. Dereva mmoja wa lori aliniambia, "Bwana Lishe, nimemeza boya." Siku za kwanza ni kichefuchefu tupu. Baadaye anaamka asubuhi, hajala kitu, anajisikia ametoka harusini. Lakini puto likitolewa, njaa inarudi kama haijawahi kuondoka, na asiyejifunza kula upya anarudi alikotoka.

Walikuwepo watu wa ndizi. Hao sehemu kubwa ya tumbo imekatwa ikatolewa kabisa, iliyobaki ni nyembamba, ina umbo la ndizi. Fundi cherehani mmoja, mama mcheshi sana, alisema njaa imemuaga, miezi minne hajaisikia, anakula kwa kutazama saa. Ila siku moja akasahau, akameza nyama bila kutafuna vizuri. "Ikasimama hapa," akaonyesha katikati ya kifua, "kama jiwe. Mate yakajaa mdomoni, nikajua inarudi." Ikarudi.

Na jambo lililonifurahisha kuliko yote, hadi leo nikilisimulia nasimama: mwili uliopunguzwa tumbo hausemi "nimeshiba" kwa tumbo! Mmoja anapiga kwikwi. Mwingine pua inaanza kuchuruzika. Mwingine anashusha pumzi ndefu kama amefiwa. Dalili hizo sisi tuliziita breki. Ukijua breki yako ukaisikiliza, unakula kwa raha zako. Ukiongeza kijiko kimoja tu baada ya breki, utajuta mchana kutwa. Kazi yangu ikawa kumsaidia kila mtu aijue ya kwake.

Mgonjwa wa mwisho niliyemhudumia kule alikuwa mtu wa kwetu, Mama Frida, mwenye mgahawa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, karibu na mahali mitumbwi na maboti yanapotia nanga. Sukari ilikuwa imemwandama, magoti hayambebi. Akafanyiwa mchepuko, akavuka salama, na breki yake tuliijua mapema: chafya. Moja tu, kubwa, ya kutikisa dirisha. Tuliagana tukicheka.

Mimi nikaomba uhamisho wa kurudi nyumbani, nikapangiwa wilaya ya Nyasa, kituo changu cha mwisho. Mganga Mkuu wa Wilaya, mtu wa maneno machache, akanipa pikipiki na kusema, "Ufuate mwambao wote. Usiniletee ripoti ya mezani." Ndivyo nilivyofika Lituhi kwenye siku ya afya na lishe ya kijiji, na kazi ilipoisha nikaenda mbio kwa Mama Frida. Nilishaanza kumeza mate njiani kwa ajili ya mbasa wa nazi, samaki wa ziwa letu!

Nikakuta mabenchi matupu. Mchana, maboti yamefika, mabenchi matupu. Ng'ambo ya njia, kwenye kibanda cha maandazi, amesimama Nahodha wa boti kubwa la pale, mteja wake wa miaka yote, pamoja na mabaharia wake, wanakula maandazi makavu na kututazama. Mama Frida akanikaribisha kwa furaha, lakini macho yalikuwa yameingia ndani, shingo imebaki mishipa. Akaniletea ugali wa muhogo na samaki, akaketi mbele yangu, akamega tonge kama la mvuvi, akameza. Akamega la pili, akameza. Akatazama ng'ambo ya njia kuhakikisha wanaona. Kisha akainuka haraka kwenda nyuma ya jiko, na nikamsikia akitapika.

Nikamfuata. "Mama Frida, unafanya nini?"

"Naokoa mgahawa wangu, Bwana Lishe."

Niwaeleze wageni. Huku kwetu mwenye kukupa kinywaji hukinywa kwanza mbele yako, ujue hakina kitu. Mama Frida aliichukua desturi hiyo akaipeleka kwenye chakula: kila mchana aliketi na wateja wa kwanza, akala nao sahani nzima, ndipo wengine wakaagiza. Watu walimpenda kwa hilo. Aliporudi kutoka Dar akaonja ncha ya kijiko, akaacha. Siku ya pili vivyo hivyo. Huku mwili unapungua.

"Wakaanza kunong'ona," alisema, anajifuta mdomo kwa kanga. "Mama Frida anakonda, na chakula chake hali. Sisi anatulisha nini? Nimejilazimisha kula kama zamani, wiki ya tatu hii. Hawajarudi. Nikishindwa, Jumamosi nafunga, naenda kukaa kwa binti yangu."

"Si uwaambie!"

"Niwaambie nimekatwa tumbo? Watasema nimeliuza."

Nilipandwa na hasira, nikamwambia maneno ambayo mtumishi wa afya hapaswi kusema: kwamba atakufa kwa kiburi, kwamba kutapika hivyo kutammalizia vitamini zote mwilini, miguu ife ganzi, na mgahawa utabaki bila mwenyewe. Akalia. Nikaona aibu. Nilitamani kuvuka njia nikawahutubie wale mabaharia, lakini siri ya mgonjwa si yangu kuitoa. Nilichokuwa nacho ni kile kijiko mfukoni. Nikamkabidhi.

"Leo unywe supu na majimaji tu, tumbo lipumzike. Nitalala hapa Lituhi, asubuhi nikupitishe kwa mganga wa zahanati, akikuruhusu mchana utakula kwa hiki, mbele yao, kama ulivyokula wodini. Breki ikigonga, unasimama."

"Wakikataa?"

"Utafunga mgahawa, lakini utaufunga ukiwa hai."

Mganga wa zahanati akamruhusu, akampa na dawa. Kesho yake mchana nikavuka njia kwa Nahodha, nikamwamkia, nikasema neno moja tu: "Leo Mama Frida anaonja." Wakaja. Hawakuketi; walisimama mlangoni, mikono kifuani. Mama Frida akapakua sahani kamili ya ugali na mbasa, akaiweka katikati ya meza, akatoa kijiko cha chai. Nikasikia mmoja akiguna.

Kijiko cha kwanza. Akatafuna, akaweka kijiko chini, akasubiri. Cha pili. Mimi jasho linanitoka kana kwamba nimekunywa ule uji wa Mwalimu. Cha tatu, cha nne. Cha tano. Cha sita akakitafuna macho kayafumba, na nikaona uso unalainika: alikuwa anausikia utamu wa samaki wake mwenyewe. Cha saba. Akaweka kijiko. Akapiga chafya ya kutikisa mabati.

"Ndiyo basi?" akauliza Nahodha.

Mama Frida akasimama. Sikumtuma mimi, wallahi.

"Ndiyo basi, Nahodha. Nimeshiba. Nilipasuliwa tumbo kwa sababu ya sukari. Sasa ni dogo kama yai. Nikipitisha hapo, natapika. Wiki tatu hizi natapika kwa ajili yenu. Chakula changu nakula, ila hivi ndivyo ninavyokula. Anayetaka akae, asiyetaka maandazi yako pale."

Kisha Nahodha akavuta benchi, akaketi, akaivuta ile sahani aliyoiacha Mama Frida. Si sahani mpya. Ile ile, yenye alama za kijiko. Akamega.

"Mbona hukusema, mama?" alisema mdomo umejaa. "Tumekula maandazi wiki tatu kwa ajili ya chafya!"

Mgahawa ulilipuka kwa kicheko, na mimi nikageukia ukutani, maana machozi yalikuwa yananitoka kama mtoto.

Nimestaafu mwaka huu. Vijana mnaosomea lishe mnanijia Kitura na kompyuta zenu, mnajua kalori na protini kuliko nilivyojua mimi, na ninafurahi kweli. Ila sahani ya mtu ina watu wengine wameizunguka, na hao hamtawakuta kwenye kompyuta. Wiki yangu ya mwisho kazini nilipita Lituhi kuaga. Mabenchi ya mgahawa yalikuwa yamejaa, Mama Frida amenenepa kidogo mashavuni, magoti yanamtii. Nikamwomba anirudishie kijiko, niwe na kumbukumbu. Akakataa katakata.

Nikaketi na wengine. Sahani zilikuwa zimeshapakuliwa, samaki wanatoa moshi, njaa inaniuma kama siku ile ya chapati, lakini hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Mama Frida alikuwa kwenye kijiko cha saba. Watu ishirini tukamtazama pua, tukingoja. Akapiga chafya.

"Kashiba!" mgahawa mzima ukapiga kelele, na ndipo tukanawa.