Mti Uliopigwa na Radi

Juzi kijana alikuja yadini kwangu Kibarani kutafuta mbao ya gitaa la umeme. Sikusoma, lakini mbao nazijua. Nilimgongea mkangazi asikie unavyolia. Nikamkumbuka kaka yangu Karisa, alasiri moja kule Ganze nikiwa mtoto, akigonga magogo achague la kuchonga gitaa lake la umeme.

"Chukua ule mkwaju uliopigwa na radi," nilimwambia. "Umeme umo ndani."

Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, fundi, huo huo."

Aliuburura hadi uani, unanuka moshi. Mama akafoka: "Mti wa radi hauletwi nyumbani!"

"Mama, mimi radi itanifanya nini tena?"

Nikamwona jasiri kuliko wanaume wote. Kumbe daktari alishamwambia kifua kile hakina dawa.