Yule Bibi na Wilaya Yake

Nimerudi kutoka Korea na wivu, mwenzangu, na sioni haya kukuambia. Wengine hurudi na picha. Mimi nilishuka Porte de Namur, hapa Brussels, nikiburuza sanduku, nikashika njia ya Matonge, mtaa wa Wakongo, na mbele ya duka la vyakula vya kwetu mwenye duka alikuwa ndiyo kwanza anafunua ndoo ya muhogo uliolowekwa. Harufu ikanijia yote kwa pamoja. Mzungu aliyekuwa nyuma yangu akavuka barabara. Mimi nikasimama. Mwenye duka akaniuliza, maman, nikupe kiasi gani, nikamjibu aniache ninuse kwanza, habari ya kununua tutaizungumza baadaye.

Nilinusa mpaka nikakasirika. Harufu ile ni ya bonde nililokulia kule milimani, Kivu, na aliyenirudisha kwenye bonde lile ni bibi mmoja wa Kikorea, mfupi, mgongo umepinda, ambaye mpaka leo anaishi palepale alipozaliwa.

Nikueleze vizuri. Mjukuu wangu ni muuguzi hospitalini huko Woluwe. Mama yake alifariki yeye angali anatambaa, nikamlea mimi, kwa hiyo kwake mimi ni bibi na mama pamoja. Ameolewa na kijana wa Kikorea, kijana mzuri tu, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na bugali anaumaliza. Mwaka huu mjukuu akashika mimba. Tukafurahi. Kumbe kijana naye ana bibi aliyemlea huko kijijini kwao, na yule bibi akaleta habari kwamba mtoto azaliwe kwake, yeye ndiye atakayemhudumia mzazi, yeye ndiye atakayempikia ile supu ya majani ya baharini wanayowapa wazazi huko. Mjukuu wangu hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu, "Koko," ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "twende wote tukamuone kwanza."

Basi nikapanda ndege. Usifikiri nilikwenda kutembea. Nilikwenda kumtazama mwanamke anayetaka kunichukulia mtoto.

Tulizungushwa wilaya baada ya wilaya kwa gari la kukodi. Yule bibi alikaa mbele, karibu na mjukuu wake aliyekuwa akiendesha, na mapajani alikuwa na mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha. Kila mara anamenya kimoja, anageuka, anampa mjukuu wangu. Mimi alinipa na maganda yake. Nilikila hivyohivyo, nikamwangalia machoni.

Huko, mwenzangu, kila wilaya imechagua kitu chake na kukifanyia sikukuu. Hii ni ya kitunguu saumu. Ukivuka mlima, ile ni ya kaki, yale matunda ya rangi ya machungwa. Wanayamenya na kuyatundika kwa kamba chini ya paa kama shanga za bibi harusi. Nyingine ni ya pilipili, nyingine ya kaa wa mtoni. Tulifika ile ya kitunguu saumu. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima amevaa kitunguu saumu mwili mzima, miguu tu inatokea chini, anacheza. Nimeona mkuu wa wilaya na tai yake anapanda jukwaani kukisifu kitunguu saumu kwa kipaza sauti, na wanawake wa umri wangu, nywele zao zote zimesokotwa namna moja, wanampigia makofi. Vitunguu vimepangwa mezani kama wanafunzi, vikubwa vimepewa utepe. Hemani wanakaanga chapati laini za majani ya vitunguu, mafuta yanachachatika, na kila anayepita anavutwa aonje.

Na yule bibi alikuwa na la kuonyesha kila tulipopita. Hapa ni jiwe lenye majina ya wakuu wa zamani waliotendea watu haki. Pale ni kipande cha ukuta wa ngome, mawe yake yalibebwa na watu wa kijiji chao. Kule mlimani ni makaburi ya wazee wake, vilima vidogo vya majani vilivyonyolewa vizuri kama kichwa cha mtoto anayeanza shule. Alisimama akaonyesha kwa kidole: huyu baba wa baba yangu, huyu mama wa baba yangu, huyu alikuwa mlevi. Wote anawajua walipolala.

Wivu ulinipandia pale kwenye makaburi, ndipo bonde letu likanijia.

Sisi tulikuwa chini ya mlima, mahali mto unapochoka na kuwa tope. Kila familia ilikuwa na shimo lake la kulowekea muhogo, limefunikwa majani ya mgomba na kukandamizwa kwa mawe. Bibi yangu alikuwa na shimo la juu kabisa, karibu na chemchemi, na alijivunia shimo lile kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Alikuwa hamwagi maji yote. Akitoa muhogo ulioiva anabakiza maji ya chini, yale mazito yanayonuka, ili muhogo mpya ukiingia ukute wenyeji. Ndivyo alivyoyaita, wenyeji. Jirani yetu mmoja alikuwa akimwaga yote na kusafisha shimo kama sahani, na muhogo wake ulichelewa kila mara. Bibi alikuwa akipita anamsalimia, halafu ananiambia kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu wanaoga mpaka wanajitoa ngozi.

Siku ya kutoa muhogo bonde lote lilikuwa watu. Wanawake wameingia mpaka magotini. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kubonyeza: ukiweka kidole gumba na kikaingia bila kusukuma, umeiva. Halafu ni kupandisha mlima, kapu mgongoni, mkanda wa mgomba umepita kwenye paji la uso, maji yanakutiririka mpaka kisigino, na harufu inakufuata mpaka kanisani Jumapili. Juu tunautandaza kwenye mawe yenye jua. Mimi nilikuwa mlinzi. Mbuzi wa mwalimu walikuwa wezi kuliko mbuzi wote, na mwalimu mwenyewe alikuwa akisema mbuzi hawana dini. Jioni vinu vinajibizana mlima kwa mlima. Bugali wa kwanza tulikula watoto, na maharage na mafuta ya mawese, tumekaa chini, vidole vinaungua. Bibi hakula mpaka atuone tumelegea.

Ile ilikuwa sikukuu, mwenzangu, ila hakuna aliyeipa jina hilo. Hatukuwa na mtu wa kuvaa muhogo akacheza. Chifu alikuwa akishuka mara moja, anapewa kapu lake, anapanda.

Basi siku ya mwisho yule bibi akatupeleka nyuma ya nyumba yake. Kuna kichanja cha mawe, na juu yake mitungi ya udongo, mikubwa, mingine inanifika kiunoni. Ndani ni maharage ya soya yaliyoozeshwa kwa chumvi, na mchuzi wake mweusi. Akaenda kwenye mtungi mmoja mzee, akaondoa kifuniko. Ee! Ilikuwa harufu ya bonde letu. Haikuwa ileile, lakini ni ndugu yake wa tumbo moja. Kijana akatueleza kwamba mtungi ule haujawahi kumalizwa. Kila mwaka wanaongeza mchuzi mpya juu ya wa zamani, na wa zamani unabaki chini, tangu bibi wa bibi yake.

Nilijua wale chini ni nani. Ni wenyeji.

Yule bibi akachovya kidole, akalamba, halafu akamshika mjukuu wangu mkono ili ainame achungulie. Hapo nikashtuka. Kwetu mwanamke mwenye mimba hainami juu ya kitu kinachoozeshwa. Akichungulia, muhogo unabaki mgumu na mtoto anazaliwa mkaidi. Nikamshika mjukuu mkono wa pili nikavuta.

"Hapana," nikasema. "Mwenye mimba hachungulii."

Yule bibi hakuelewa neno, lakini kuvuta alikuelewa. Akavuta na yeye. Bibi mfupi vile, nguvu zote zile sijui anaziweka wapi. Kijana wa watu anatokwa jasho, anamwomba bibi yake kwa Kikorea, ananiomba mimi kwa Kifaransa.

"Bon, munataka kunipasula katikati?" mjukuu akasema. "Mumoja aniachilie, alors. Mutoto anapiga teke."

Tukaachia wote pamoja. Kijana akamweleza bibi yake nilichosema. Yule bibi akasikiliza, akarudisha kifuniko polepole, akakifuta kwa kiganja. Akasema mama yake pia alikuwa akifukuza watu kwenye mitungi: aliyetoka mazikoni, na aliyegombana asubuhi. "Basi leo sisi wawili tungefukuzwa," akasema.

Nilicheka kabla sijakumbuka kwamba simpendi.

Tukakaa kwenye mawe, akatueleza. Vita vilipofika kwao alikuwa msichana mdogo. Mama yake alichimba shimo nyuma ya nyumba, akauzika ule mtungi na kifuniko chake, akasawazisha udongo, wakaondoka kwa miguu na vitu vya kubeba kichwani. Waliporudi nyumba ilikuwa majivu. Mama yake hakulilia nyumba. Alichukua jembe akaenda moja kwa moja nyuma, akachimba, akafunua, akaonja. Halafu ndipo akalia.

Akaniuliza, na sisi kule kwetu, tulificha nini?

Nikamwambia ukweli. Zamu yetu ilipofika mimi nilikuwa mama tayari. Tulikimbia asubuhi, mahindi yakiwa jikoni, mama yake huyu mjukuu nimemfunga mgongoni. Shimo la bibi yangu liliachwa na muhogo ndani. Nadhani uliiva. Nani aliutoa, sijui.

"Mkarudi?" akauliza.

"Hatukurudi."

Aliposikia jibu langu kwa Kikorea alimenya kiazi kitamu, akanipa. Kimemenywa vizuri. Sitaki kukudanganya, mwenzangu, kile kiazi kiliniumiza kuliko vile vya maganda. Mtu akikuonea wivu unajua bado una kitu. Yule bibi alinionea huruma. Na mimi nilimuonea wivu wa kila kitu: mtungi, majivu, jembe, hata yale machozi ya mama yake. Kukimbia tumekimbia wote. Kurudi na kuchimba, hicho ndicho nilichotaka kumnyang'anya.

Usiku ule wa kuagana aliomba tena, kwa adabu sana, mtoto azaliwe kwake. Na mimi kwa adabu sana nikaeleza jinsi watu wa Kivu tunavyomkanda mzazi kwa maji ya moto, na uji wa mtama, na kwamba maji ya moto yapo Brussels, yanatoka bombani. Mjukuu akaendelea kula.

Jumapili hii ndiyo amenijibu. Alikuja kwangu na mumewe, akaninunulia ndizi na samaki barabara ya Chaussée d'Ixelles, akakaa jikoni, mkono juu ya tumbo.

"Koko, nimeamua," akasema. "Nitazaa hapa, kwetu kazini, Woluwe. Na ni wewe utanikanda."

Nilisimama nicheze. Nilikuwa nimeshashika kitambaa cha jikoni nikipunge hewani.

"Donc halmoni atakuja hapa," akaendelea. Halmoni ndivyo wanavyoita bibi kwao. "Atalala kwako. Kwetu hakuna nafasi. Amekubali, anafurahi."

Nikakaa. Nimeshinda na nimepewa mgeni. Nimesema sawa, aje na majani yake ya baharini, sufuria zangu ni nyingi, ila chumvi naweka mimi. Mjukuu akanibusu kichwani. Halafu kijana akatazama simu yake, akasema halmoni ameuliza jambo. Anasema yeye alinitembeza wilaya yake yote, mpaka makaburini. Sasa zamu yangu. Anataka kuona ya kwangu.

Kijana hakuwa na ubaya. Alisubiri jibu, kidole juu ya simu.

Nitampeleka wapi? Waliotoka kule karibuni wanasema chemchemi imefungiwa bomba na bonde limejaa vibanda vya mabati vya watu waliokimbia vita vingine, wamejenga mpaka juu ya mashimo, na wanaokaa humo hawajui chini yao kulikuwa na nini. Sina haki ya kuwakasirikia. Nao wana mabonde yao yaliyokaliwa na wengine. Makaburi hayana alama. Waliojua shimo lipi lilikuwa la nani tumebaki wachache, na tumetawanyika, mmoja Bujumbura, mmoja Kanada, mimi hapa ghorofa ya pili na majirani wasiopenda harufu.

Nikamwambia kijana aandike kwamba nitamwonyesha. Ndivyo nilivyosema, kwa sababu nina kiburi, na sikutaka kuhurumiwa mara ya pili. Atakuja, nitamkalisha kwenye kiti cha dirishani, nitaanza kumweleza mto unapochoka na kuwa tope. Mjukuu wangu atayageuza Kifaransa, mumewe atayageuza Kikorea, na yatakapomfikia yatakuwa maneno tu. Yeye alininusisha ule mtungi.