Maziwa Hayapikwi

Baba yangu alifika Bunia kwa miguu, na vitu alivyookoa, mbali na nguo na kofia alizovaa, vilikuwa viwili tu: fimbo yake na kibuyu cha maziwa. Kibuyu kilikuwa kitupu. Ng'ombe wote walichukuliwa na watu wenye bunduki huko kwenye vilima alikozaliwa, na nilipomuuliza alikula nini njiani, alinijibu kwamba kibuyu hakikupasuka. Ndiye baba niliyekuwa naye. Nilimchotea maji ya kuoga, nikamtandikia mkeka katika chumba cha mbele.

Nilikuwa nakaa mtaa wa Shari, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Kazi yangu ya ualimu ilikuwa imesimama, kwa maana shule ilifungwa vita vilipoingia mjini. Dada yangu mkubwa alikuwa amefariki wakati wa kujifungua, akaniachia binti mchanga. Baba wa mtoto alikuwa machimboni, upande wa Mongbwalu, na barabara ya huko haikupitika. Kwa hiyo mtoto alikuwa wangu, na njaa yake ikawa yangu. Mwanzoni nilimnunulia maziwa ya unga. Kisha malori ya kutoka Uganda yakaacha kuja, makopo yakaisha sokoni, nikaanza kumpa uji mwepesi wa mahindi. Aliumeza, lakini hakunenepa, na shingo yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba niliogopa kumvalisha nguo.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa Mahagi, mtu wa misa ya kila asubuhi. Alipoamua kurudi kwao na watoto wake, dereva wa lori alikataa kupakia mbuzi. Alikuwa nao wawili: mweusi, mwenye mwana anayenyonya, na mwekundu ambaye hakuwa na maziwa ila alikuwa na tamaa ya kila kitu. Alinikabidhi kamba zao akaniambia nimkamue yule mweusi. Nilimjibu kwamba kwetu hatukamui mbuzi. Sisi ni watu wa ng'ombe. Mbuzi kwetu ni mboga ya wageni. Mama yule alimtazama mtoto mgongoni mwangu, halafu akanitazama mimi kama mtu asiye na akili.

"Mutoto hatauliza maziwa iko ya nyama gani," alisema, na nyama kwa Kiswahili cha Bunia ni mnyama. "Kamua tu."

Baba alipowaona mbuzi uani alidhani nitawauza. Nilipomwambia ni wa maziwa, alicheka mpaka akakohoa. Hakuwaita mbuzi, aliwaita vile vitu. Vile vitu vimelala mlangoni. Vile vitu vimekula sabuni. Siku mbuzi mwekundu alipotafuna ukingo wa kofia yake, hakusema naye wala nami mpaka jioni, na nakiri kwamba nilifurahi kidogo.

Sasa, katika desturi yetu mwanamke hakamui. Ni kazi ya wanaume. Lakini mwanamume pekee aliyekuwa nyumbani alikuwa amekamua ng'ombe tangu utoto wake, na hakuwa tayari kuchuchumaa nyuma ya mbuzi mbele ya majirani. Basi nilichuchumaa mimi. Niliweka bakuli chini, nikashika chuchu, nikavuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Mbuzi alirusha teke, bakuli likapinduka. Baba alikuwa ameketi mlangoni, ametugeuzia mgongo ili asione aibu ile, lakini masikio hayakugeuka. Nilijaribu tena, mbuzi akalia.

"Toka pale," alisema. "Unaumiza nyama."

Alisogea, akakaa chini, akamwacha kwanza mwanambuzi anyonye mpaka maziwa yateremke. Kisha akamsukuma pembeni kwa goti na kukamua kwa vidole viwili, taratibu, huku akitazama ukuta. Yalitoka maziwa ya kikombe kimoja. Hakuyamaliza, alisema mwana naye ana haki yake. Tangu siku hiyo alikamua yeye, asubuhi na jioni, na jirani yeyote aliyethubutu kutabasamu alitazamwa kwa jicho ambalo sikutaka linigeukie mimi.

Alileta na desturi yake yote. Kibuyu hakioshwi kwa maji. Kinafukizwa kwa moshi wa majani makavu mpaka ndani kunanukia. Alikifukiza kila asubuhi kwa uangalifu mkubwa, kama bado ana zizi zima la kukingia. Maziwa yalikaa humo, na mtoto akayanywa kwa kijiko, mabichi, yakinukia moshi. Aliyapenda. Kwa muda mashavu yake yalijaa, baba akaanza kumbeba, nami nikaanza kulala usingizi.

Kisha akaharisha. Niliona aibu kumpeleka kwenye kituo cha afya kwa sababu ya jambo dogo, lakini jambo dogo liliendelea mpaka macho yake yakaingia ndani. Muuguzi aliniuliza anakula nini. Nilipomweleza, alisema maziwa si mabaya, ubaya ni kumpa mabichi. Yachemke kwanza, yapoe, ndipo apewe. La sivyo nisirudi kwake kulia.

Kwenu labda hilo ni jambo la sufuria na moto tu. Kwetu maziwa hayapikwi. Ukiyaweka motoni unamchoma aliyeyatoa. Kiwele chake kinapasuka, maziwa yanakauka, na mwishowe mnyama anakufa. Baba hakuambiwa hivyo na mtu mmoja. Aliambiwa na wote aliowahi kuwaheshimu. Nilimweleza maneno ya muuguzi, akasikiliza kwa adabu, kisha akaniita mama, kwa sababu nina jina la mama yake na ndivyo alivyoniita moyo wake ulipokuwa laini.

"Maziwa haipikwe, mama. Ukiipika, kiwele itakauka. Mutoto atakunywa nini kisha?"

Niliwasha makaa na kuyachemsha maziwa mbele yake. Sikujificha, na hasira zangu zilikuwa juu. Nilimwambia kwamba maziwa ya ng'ombe wake hayakupikwa hata siku moja, na leo ng'ombe hao wako wapi? Alitoka, akaenda kusimama na mbuzi.

Mtoto alipata nafuu kidogo. Lakini wiki ileile milio ya risasi ilikaribia mtaa wetu, tukawafungia mbuzi ndani, jikoni, wakawa wanakula maganda ya ndizi na mabua makavu. Maziwa yakapungua. Kikombe kikawa nusu, kisha vijiko. Mimi niliona sababu: hakuna majani. Baba naye aliona sababu yake, na hakuisema, na afadhali angeisema. Asubuhi moja alikataa kukamua. Alisema mikono yake haitaendelea kuua nyama. Nikachuchumaa mimi tena. Mbuzi akarusha teke kama zamani, na yale machache yaliyokuwapo yakamwagika kwenye majivu.

Nililia siku hiyo, mchana, mlango wazi. Nilimwogopea mtoto, na nilimchukia baba, na nilimhurumia pia, kwa maana nilijua hakuwa mkaidi. Aliamini. Kwake mbuzi yule ndiye mnyama wa mwisho aliyebaki duniani, na mimi nilikuwa namuua kwa sufuria. Kwangu mtoto ndiye dada yangu aliyebaki. Mtoto alikuwa ameanza tena uji, akiutema. Milio iliponyamaza nilimwacha mikononi mwa baba, nikaenda chemchemi kuchota maji, kwa sababu maji nayo yalikuwa yamekwisha. Foleni ilikuwa ndefu. Njia nzima ya kurudi nilipanga maneno makali ya kumwambia.

Nilisikia harufu kabla ya kufika mlangoni, harufu ya maziwa yaliyochemka. Jikoni mbuzi mweusi alikuwa anatafuna majani mabichi ya matembele. Baba alikuwa ameyakata kwenye bustani ya jirani aliyekimbia, mtoto akiwa mgongoni kwake, amefungwa kwa kitenge changu. Sikuwahi kumwona mwanamume wa kwetu amebeba mtoto mgongoni. Sikuwahi kumwona baba akikaa kwenye meko. Alikuwa amechuchumaa mbele ya makaa, ameshika sufuria kwa majani, anatazama maziwa yakipanda, hajui kama yanapaswa kupanda vile. Nikatua ndoo. Nikamwambia aiondoe, yanatosha. Maneno yangu yote makali yaliishia hapo.

"Nimeomba mbuzi musamaha," alisema, bila kugeuka. "Mutoto iko mudogo, hawezi kuiomba yeye mwenyewe."

Hakuwa amebadili imani. Alidhani amefanya kosa, na alilifanya kwa makusudi, baada ya kumweleza aliyekosewa. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kukamua, aliinama kwenye sikio la mbuzi yule na kumnong'oneza jambo, kisha akakamua, kisha akaniletea kibuyu na kutoka nje ili asione moto. Kila palipokuwa na utulivu alikwenda kukata majani. Alisema tukimuumiza nyama kwa moto, tumlipe kwa majani. Maziwa yakarudi, mpaka kikombe kikajaa. Alisema mbuzi amesamehe. Nilisema ni majani. Tulibishana hivyo miaka mingi bila mshindi, nami sikuhitaji kushinda, kwa sababu mtoto alikuwa anakunywa.

Mama wa Mahagi hakurudi. Alituma salamu kwamba mbuzi ni wa mtoto. Vita vilipopoa, ndugu mmoja alimpa baba mtamba, naye baba akarudi kwenye vilima vyake na kibuyu chake. Hapo alirudia mambo yake yote ya zamani. Watu wazima tulipomtembelea tulikunywa maziwa mabichi yenye moshi, na ole wako uulize sufuria.

Isipokuwa kwa mtu mmoja. Binti yetu alipokuwa na miaka saba nilimpeleka kwake likizo, na asubuhi nilimwona amesimama mlangoni akitazama zizini. Aliniuliza kwa nini koko, ndivyo alivyomwita babu yake, anasema na ng'ombe kwanza, ndipo anawasha moto. Nilitazama. Mzee alikuwa ameinama kwenye sikio la ng'ombe, kofia yake yenye ukingo uliotafunwa iko mkononi, na karibu yake sufuria ndogo inangoja.

"Anakuombea musamaha," nilimwambia, "juu ya maziwa yako."

Maziwa yalipoletwa, binti hakuyapuliza wala hakulalamika kwamba yana utando. Alishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda kumshukuru ng'ombe.