Kiti Ambacho Yaeko Hakikalii

Wazee wa chama cha wasikilizaji wa muziki wa mji wa Kitakami walipofika kwa mjane Yaeko Jumapili ile, walivua viatu, wakasifu chai, kisha mwenyekiti wao mpya, Bwana Inagaki, akatoa maikrofoni ya kupimia sauti. Kila mwezi huenda nyumba ya mwenzao mmoja. Wageni hukaa kwa zamu kwenye kiti cha katikati, mbele ya spika, na mwenye nyumba hukaa pembeni. Kikao cha Desemba kilikuwa cha hapo siku zote, kwa heshima ya Tokumori, marehemu mumewe Yaeko, aliyeziunda spika zile kwa mikono yake.

Maikrofoni ikawekwa kitini. Spika zikapiga mluzi kutoka sauti ya chini hadi ya juu, kompyuta ikachora mstari, na mstari ukapanda na kushuka.

“Shemeji, mlima gani huu?” Inagaki akauliza. “Besi imevimba, huku juu panachoma masikio. Marehemu asingekubali.”

“Marehemu nimemzika mimi, Bwana Inagaki. Namjua.”

“Nani basi kachezea ikwalaiza?”

“Mimi.”

Inagaki akaisogelea mashine hiyo ya kusawazisha sauti. Alisogeza vishikio vya ikwalaiza kimoja kimoja mpaka mstari ukanyooka, akaweka santuri. Wazee wakafumba macho. Sauti ilikuwa safi, hata Yaeko alikiri moyoni. Akaenda jikoni kukata figili za achari, na huko sauti ya mwimbaji ikafika haina pumzi, besi imeishia mlangoni.

Hivyo ndivyo alivyosikia muziki miaka thelathini na minane, kisu mkononi, mumewe kiti cha katikati. Alimpenda, lakini kusikilizia jikoni kulimuuma. Zilipokwisha siku arobaini na tisa za msiba, alianza kusogeza vishikio mwenyewe, akikimbia kati ya mashine na sinki wiki mbili nzima, mpaka siku moja mwimbaji akawa kama amesimama pale kwenye sinki.

Akafuta mikono, akarudi sebuleni, akavirudisha vishikio vyote mahali pake. Hakuwa ameandika popote; alipajua kwa moyo.

“Shemeji, unaharibu,” Inagaki akasema.

“Mnapima kiti. Nani kati yenu amewahi kuniona nimekikalia?”

Wazee wakatazamana. Walikuwa wamekunywa chai yake miaka ishirini bila kumwona hapo.

“Kama ni hivyo, kikao cha Desemba tutakihamishia kwangu,” Inagaki akasema.

Hilo lilimchoma Yaeko. Ndiyo siku pekee ya mwaka nyumba ile ilipojaa watu.

“Kihamisheni.”

Inagaki aliona amepita kiasi. Akaokota maikrofoni yake, akasema kwa upole. “Basi, shemeji, tupime na huko jikoni. Pengine huko mstari umenyooka.”

“Jikoni hapapimwi,” Yaeko akamwambia. “Jikoni nasikiliza mimi.”

Akaongeza sauti ya santuri, akarudi kwenye figili zake, na mwimbaji akamfuata.