Kupima Rezo Kutoka Kwenye Kiti

Mtaani kwetu intaneti hupita juu ya mapaa. Kila nyumba ina kisanduku chenye antena: cha kwanza kinapokea kutoka duka la barabara kuu, kinampitishia jirani, jirani naye anampitishia mwingine. Majirani walinichagua mimi kuichunga rezo hiyo, yaani mtandao, kwa sifa moja tu, kwamba sitoki nyumbani.

Kupima ni kazi ya kidole. Simu inatuma jumbe tupu hadi kisanduku cha dukani, nawe unaangalia ngapi zimerudi. Zangu zilirudi zote. Mimi ndiye jirani wa duka. Kwa hiyo mama mmoja mwenye asili ya Kasai, anayekaa mwisho wa barabara, alipokuja kulalamika, nilimjibu bila kuinuka.

"Mama, rezo iko muzuri. Nimeipima."

"Uliipima wapi, tata? Mu kiti?" Akanishika bega. "Kesho mutoto wangu anaolewa kule Kananga. Mi sina namna ya kufika. Nitaona ndoa mu simu, ao nitaona tu uso yako?"

Nikavaa viatu. Nilipima nyumba kwa nyumba, nikimeza vumbi la malori ya mgodi wa Mashamba, na kadiri nilivyoliacha duka nyuma ndivyo majibu yalivyopungua. Katikati ya barabara, kwenye nyumba moja, palikuwa na kilio. Nyanya wa nyumba ile alikuwa amefariki, na turubai la kuwakinga watu jua lilifungwa kwa kamba kwenye mlingoti wa antena. Antena imeinama, inatazama chini kama mfiwa.

Kwetu huingii kwenye kilio ukaanza kushika kamba. Unaketi kwanza. Vijana wachimbaji wa Mutoshi wakanipisha kiti.

"Tata ametoka mu nyumba! Kweli, kifo iko na nguvu."

Niliketi hadi mgongo ukauma, na kamba sikuigusa. Nani angewaondolea wafiwa turubai kwa ajili ya arusi? Dawa ilikuwa njia ya pili, ya kuzunguka, na kisanduku cha ziada hatukuwa nacho ila changu; jirani anayenifuata analiona duka mwenyewe, asingekatika. Kesho yake nikakishusha, nikakipandisha kwenye ghorofa ya barabara ya nyuma, inayoliona duka na paa la mama pia. Safari hii nilipimia sebuleni kwake. Majibu yalirudi karibu yote.

Kwangu hapakuwa tena na rezo, basi nikabaki, nimechoka hata kuaga. Bibi arusi alitokea kwenye simu, akaganda, akatokea tena amekwisha kusema ndiyo. Mama akaruka, kigelegele mdomoni. Akakumbuka kilio cha jirani, akajiziba mdomo kwa kitenge. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo mno, lakini aliirudia, na kuirudia.