Unga wa Kimea Uliomngoja Dada

Mpika pombe yule husaga kimea siku ile ile ya kupika. Unga ukibaki, huutia katika mfuko wa plastiki, akakamua hewa kwa viganja, akaufunika ndooni mbali na jiko. Lakini dada yake, aliyenuniana naye tangu msiba wa mama, alipotuma salamu kwamba anakuja wapike pamoja, furaha ilimzidi akasaga mapema. Dada akachelewa. Mvua inanyesha, naye mpikaji kutwa kufungua ndoo na kunusa, mpaka unyevu ukaingia. Siku dada alipobisha hodi, unga ulikuwa umevunda. Aibu ikamshika.

“Leo sipiki, dada,” alisema bila kugeuka.

“Haya, mdogo wangu. Nimekuelewa,” dada akajibu, akashika njia ya kurudi.

Mpikaji alipopata ulimi wa kusema ni unga tu ulioharibika, alitoka mbio. Barabarani hapakuwa na mtu.